Saa nne dagaa ziko mchangani

Asubuhi ya Alhamisi moja mwaka 2021, wanawake wanaonunua dagaa kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, walikaa juu ya magunia yao wakakataa kuyapakia. Boti ya kwenda soko la samaki la Kirumba iliwasubiri mpaka nahodha akachoka, akaondoka tupu. Hapakuwa na kelele wala jiwe lililorushwa. Walikaa tu, wengine wakisukana. Mgambo wawili waliotumwa na ofisi ya kijiji walizunguka pale kwa muda, jua lilipozidi wakaomba maji ya kunywa, wakapewa.

Jumatatu yake sisi wa halmashauri tukaletewa maelekezo ya mstari mmoja: wafanyabiashara wa dagaa wamegomea mchango wa zahanati, nendeni mkatoe elimu kwa wananchi.

Tuliotumwa tulikuwa wawili, mimi na afisa aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee. Aliisoma ile karatasi, akaikunja mara nne, akauliza, "Elimu ya nini?" Hakuna aliyemjibu. Kwenye kazi yetu neno "elimu" limekuwa kama panadol: kijiji kikiumwa kichwa, kikivunjika mguu, kikiharisha, kinaandikiwa hilo hilo.

Kijiji sikitaji, na halmashauri yake pia. Mialo ya namna hii iko Ukerewe, Buchosa, Sengerema, Magu, Misungwi, hata Ilemela mjini. Nimegeuza mambo madogo madogo ili watu wasitambulike. Yaliyobaki ndiyo yaliyotokea.

Kwanza nimweleze Mzee kidogo, maana kisa hiki hakieleweki bila yeye.

Aliajiriwa mwaka 1984 akiwa karani. Ulikuwa mwaka wa kuanza upya. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972 serikali ilipoleta mpango wa Madaraka Mikoani, na kwa miaka kumi na miwili hapakuwa na diwani wa kuulizwa lolote. Zile za miji zilitangulia kurudishwa mwaka 1978. Za wilaya zikasubiri sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi miaka miwili baadaye. Mzee alikuwa akisimulia kwamba siku yake ya kwanza alifungua kabati la ofisi akakuta madaftari ya 1971 yameliwa na mchwa, na baada ya hayo hakuna kitu. "Nilianza kazi kwenye shimo," alikuwa akisema.

Kazi yenyewe ya mwanzo ilikuwa kukusanya kodi ya maendeleo, ile ambayo wengi waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Walikwenda mialoni usiku na mgambo kusaka wanaume wasiolipa. Wanaume wakisikia mbwa wanabweka, wanasukuma mitumbwi majini, wanakaa huko. "Mimi nimesimama ufukweni na daftari, wao wako pale, naona sigara zao zinawaka. Wananisubiri niondoke. Basi nikajua serikali inaishia wapi. Inaishia maji yanapoanzia." Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, naye anakiri alifurahi kuliko waliokuwa wakidaiwa.

Baadaye alipitia Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, akafundisha wenyeviti na watendaji wakati wa maboresho yaliyofuata ile sera ya mwaka 1998, akazunguka vijiji na mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wakichora ramani chini kwa majivu na mahindi. Hakuwahi kuwa mkuu wa idara. Zaidi ya miaka thelathini na mitano alikuwa mtu wa kufungua mafaili ya vijiji na kuuliza maswali ambayo watu waliyaona madogo.

Tuje kijijini.

Ni kijiji chenye maisha mawili. Huko juu kuna vitongoji vya mihogo, mpunga na ng'ombe, vya watu ambao babu zao wamezikwa palepale. Chini kuna kitongoji cha mwalo: vibanda vya mabati, mama lishe, mashine ya barafu iliyokufa, mitumbwi ya dagaa imepangwa, na mchanga mrefu uliofunikwa dagaa mithili ya mkeka wa fedha. Watu wa chini wengi wamekuja. Mmoja ametoka Ukara, mwingine Musoma, mwingine Muleba. Baadhi wana miaka kumi na tano pale na bado wanaitwa wapitaji.

Mchango wenyewe ulikuwa shilingi 1,000 kwa kila gunia la dagaa linalotoka mwaloni. Zahanati ilikuwa imefika kwenye lenta, huko juu, karibu na shule. Kijana mmoja alisimama na kitabu cha stakabadhi cha dukani. Hatua chache kutoka kwake alikaa mkusanya ushuru wa halmashauri, na mashine yake inayotoa risiti. Mama mwenye magunia kumi alilipa huku, akalipa kule, kisha akalipa wapakiaji.

Tulianzia ofisi ya kijiji. Mtendaji alikuwa kijana mwenye heshima, ametuwekea soda na faili. Mwenyekiti alikuja na koti. Mzee aliomba mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji ya mwaka mzima, maana sheria inataka ukutane kila miezi mitatu. Ikaletwa yote. Hilo peke yake lilinishangaza. Vijiji vingi unakuta mmoja au hakuna. Hapa mihtasari ilikuwa minne, imepigwa chapa, ina mihuri, na mmoja wao una kipengele kinachosomeka vizuri kabisa kwamba wananchi kwa kauli moja wameridhia mchango wa shilingi 1,000 kwa gunia.

Mimi nilishaona kazi imekwisha. Mkutano umeketi, umeridhia, watu wamegoma, basi kweli wanahitaji elimu.

Mzee akaomba orodha za mahudhurio. Akazipanga mezani kama mtu anayecheza karata, akawa anaangalia majina. Kisha akainua macho ukutani. Kulikuwa na kalenda ya msikiti, zile zenye tarehe za kawaida kwa wino mkubwa na za mwezi mwandamo kwa wino mdogo pembeni. Akasimama, akavaa miwani, akaanza kuzitafuta tarehe za mikutano moja moja.

"Huu, mwezi 28. Huu, mwezi 2. Huu, mwezi 29. Na huu wa mchango, mwezi mosi."

Mwenyekiti alidhani mzee wa watu anaingiza dini. Mtendaji ndiye aliyeelewa kwanza. Nilimwona ameshuka mabega.

Kwa asiyeishi ziwani nieleze. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Taa inawavuta juu, wavu unawazunguka. Mwezi ukijaa, ziwa zima linang'aa na taa haina kazi, kwa hiyo uvuvi wa dagaa husimama kwa siku kadhaa. Wenyewe wanasema wako kwenye mbalamwezi. Mwezi ukififia wanarudi kwenye giza, na giza ndiyo mavuno. Katika siku za giza mitumbwi inaingia alfajiri, wanawake wananunua kwa ndoo, wanaanika, wanageuza, wanafukuza kunguru, wanachungulia mawingu. Mvua ikikukuta hujaanua, chakula cha watu kimegeuka chakula cha kuku na mtaji umekwenda. Wavuvi wenyewe mchana huo wamelala kama maiti.

Mikutano yote minne iliitishwa gizani, saa nne asubuhi, uwanja wa shule.

Hakuna aliyepanga hivyo kwa hila, na hili nalisisitiza kwa sababu nilipolisimulia mara ya kwanza wenzangu walikimbilia kusema njama. Mtendaji alipanga tarehe kulingana na ratiba ya kuwasilisha taarifa kwenye kata. Saa nne ni saa ya serikali. Uwanja wa shule una kivuli. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake nzuri, na zote kwa pamoja zilikuwa zimefunga mlango.

Majina kwenye mahudhurio nayo yalisema. Hapakuwa na kughushi, ila yote yalikuwa ya vitongoji vya juu. Kutoka mwaloni, katika mikutano minne, Mzee alikuta watu watatu, na mmoja alikuwa mwenye bucha.

"Tunawaita, hawaji," Mwenyekiti akasema. Sauti yake haikuwa ya ubabe. Alikuwa ameumia kweli. "Watu wa mwaloni hawapendi maendeleo. Akili yao ni pesa."

Jambo moja kuhusu huyu Mwenyekiti. Alichaguliwa kwenye uchaguzi wa Novemba 2019, ambao wagombea wengi nchini walipita bila kupingwa, naye akiwa mmoja wao. Mengi yamesemwa juu ya uchaguzi ule na sina ya kuongeza hapa, ila hili la kazi yangu: mtu asiyelazimika kwenda kuomba kura mwaloni hajui mwaloni kunakaaje. Hakuwahi kupita vibandani jioni kusalimia. Nadhani kampeni ni semina ambayo mgombea anajilipia mwenyewe, na yeye hakuhudhuria.

Jioni tukashuka ufukweni. Mzee hakuitisha kikao. Alikaa kwa mama lishe, akaagiza ugali na sato, akala taratibu. Mama mmoja wa makamo, mwenye mtandio wa kijani na mikono yenye magamba, alimsogelea akamsalimia, "Mwangaluka, baba," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ingawa jua lilikuwa linazama, kwa utani. Mzee akamjibu vivyo hivyo, "Mwangaluka, mayu. Nimechelewa kufika, ndiyo maana bado ni asubuhi." Wakacheka. Ndipo mazungumzo yakaanza.

Nilitarajia watasema hawana pesa. Hakuna aliyesema hivyo.

"Zahanati tunaitaka. Nani anazaa huku? Si sisi? Mwaka jana binti kajifungulia kwenye mtumbwi."

"Sasa mbona mmegoma?"

"Nani alituuliza?"

"Mliitwa mkutanoni."

"Saa nne." Alilitamka kama mtu anayetaja jina la ugonjwa. "Saa nne dagaa ziko mchangani, baba. Nikienda mkutanoni, nani anageuza? Mwenyekiti?"

Likatoka na jingine, ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote. Mwalo ule, pamoja na magunia yote yanayopita, haukuwa na choo. Kulikuwa na kichaka upande wa mawe, wanawake zamu yao alfajiri, wanaume muda mwingine wote. Halmashauri inachukua ushuru, kijiji kinachukua mchango, na mtu anayelipa vyote viwili anakwenda kichakani. "Zahanati ya kututibu kuharisha wanajenga," alisema mwingine, "cha kutufanya tusiharishe hawajengi." Nililiandika hilo neno kwa neno.

Usiku tukiwa nyumba ya wageni Mzee alinifanyia uchambuzi wa kisheria, taa imezimika, yeye kitandani mimi chini kwenye godoro. Nauweka hapa kwa ufupi kwa sababu unawahusu watendaji wengi.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za wilaya, Sura 287, inaupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya juu katika mambo ya sera ya kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote waliofikisha miaka 18. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inachaguliwa na mkutano huo na inaweza kuondolewa nao. Ikiwa kijiji kinataka kutoza kitu kwa nguvu, njia yake ni sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inaandaa, wananchi wanatoa maoni, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Ule mchango haukuwahi kupelekwa wilayani. Kwa hiyo yule kijana mwenye kitabu cha stakabadhi hakuwa na miguu ya kusimamia. Angeweza kuomba, asingeweza kuzuia gunia. Naye alikuwa amezuia magunia wiki tatu.

"Kwa hiyo wako sahihi," nikasema gizani.

"Wako sahihi na zahanati haina paa," akajibu. "Kuwa sahihi hakuezeki."

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitaka. Kijiji kililazimika kuchangisha kwa sababu mgawo wake haurudi. Kodi ya maendeleo na ushuru mdogo mdogo vilipofutwa mwaka 2003, vijiji vilibaki mikono mitupu, na vikaahidiwa mgawo wa asilimia 20 kutoka halmashauri. Aliuliza ofisi ya kijiji waonyeshe mara ya mwisho kuupata. Mtendaji aliangalia chini. Waliotutuma tukatoe elimu ndio waliokuwa na deni.

Mkutano mpya uliitishwa. Mimi nilidhani jibu ni rahisi: tungoje mbalamwezi, mwezi ukijaa dagaa hakuna, watu wana nafasi. Nikawa nimeshaandika tarehe. Yule mama wa mtandio wa kijani akaifuta kwa maneno mawili: "Watakuwa kwao."

Kumbe mbalamwezi ndipo vijana wa mitumbwini wanapokwenda nyumbani, Ukara, Musoma na kwingine, kuona wake na kupeleka pesa. Ukiitisha mkutano mwezi umejaa unawapata wanawake na matajiri wenye mitumbwi, unawakosa wavuvi. Ukiitisha gizani unawakosa wote. Basi tukauliza, ni siku gani kila mtu yupo na hana cha kufanya? Wakaangaliana. Siku ya hesabu. Pale mwaloni, giza linapoisha, tajiri anakaa na vijana wake kupiga hesabu na kugawana, kisha kila mtu anatawanyika. Siku hiyo hakuna anayekwenda ziwani na hakuna anayeondoka, maana hajalipwa.

"Lakini iwe kabla ya hesabu," mwenye mtumbwi mmoja akaonya. "Baada ya hesabu mtafanya mkutano na pombe."

Ukafanyika saa kumi jioni, ufukweni, mitumbwi iliyopinduliwa ikiwa viti. Watu walikuja mpaka Mtendaji akaishiwa karatasi za mahudhurio. Watu wa juu walishuka pia, wengine kwa shauku ya kuona kinachoendelea. Palikuwa na sungusungu, walimu na mchungaji.

Sitausimulia wote. Saa nzima ya kwanza ilikwenda kwenye jambo ambalo hatukuliweka kwenye ajenda: nani ana haki ya kusema. Mzee mmoja wa kitongoji cha juu alisimama akasema kwa utaratibu kwamba kijiji hakiwezi kuamuliwa na watu wa mitumbwi, leo wako hapa kesho hawapo. Makofi yakapigwa upande mmoja. Mzee wetu akamwuliza swali ambalo najua alikuwa amelitumia vijiji vingine: mtu wa kambini akifa, nani anachimba kaburi? Nadhani alitarajia ukimya. Yule mzee akajibu papo hapo, "Tunamsafirisha kwao." Makofi tena. Mzee wetu akabaki amesimama na swali lake mkononi, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana la kuongeza.

Aliyeliokoa ni kijana mmoja aliyekaa nyuma, mvuvi, hata shati hakuvaa. "Shikamoo wazee. Yule wa mwaka juzi aliyezama, hakusafirishwa. Kwao hawakupatikana. Amezikwa pale kwenye mikorosho, na tulichangishwa sisi, na nyinyi mlileta uji." Watu wa juu walianza kunong'onezana. Kuna mwanamke akataja jina la marehemu. Yule mzee wa kwanza akasema, "Kweli," akakaa.

Hilo halikumaliza ubishi, ila lilipunguza. Kilichoumaliza kilikuwa kitu kikavu kabisa: daftari. BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kina orodha ya mitumbwi na watu wake. Ikakubaliwa daftari la wakazi la kijiji lilinganishwe na orodha hiyo, na mwenye makazi ya kudumu mwaloni aandikwe kama mkazi mwingine, aitwe mkutanoni kama mkazi mwingine, achangie kama mkazi mwingine. Neno la mwisho liliwafanya watu wa juu waitikie haraka kuliko yote.

Maamuzi ya mchango yalichukua dakika ishirini. Shilingi 500 kwa gunia badala ya 1,000. Wakusanyaji wawili, mmoja wa juu mmoja wa mwaloni. Jumla ya kila siku iandikwe kwa chaki kwenye ubao kwenye banda la BMU. Na fedha ya kwanza ijenge choo cha mwalo, kisha paa la zahanati. Mwenyekiti, ambaye nilidhani atapinga hili la choo, ndiye aliyelisoma kwa sauti ili liandikwe. Sijui kama alikuwa ameshawishika au alikuwa amehesabu vichwa. Kwa kiongozi wa kuchaguliwa vyote viwili vinanitosha.

Sasa upande usiopendeza, maana visa vya kazi yetu vikiandikwa huishia kwenye makofi.

Sheria ndogo ilichukua miezi mingi kupita kata na kufika baraza la madiwani. Kwa muda wote huo mchango ulikuwa wa hiari, na wapo waliokataa kulipa wakijua haki yao, wengine wakitumia maneno ya Mzee mwenyewe. Ubao wa chaki uliishi mpaka mvua za vuli. Mmoja wa wakusanyaji wawili, yule wa mwaloni, alihama na mitumbwi kwenda upande wa Kagera na hakuna aliyemchagua mwingine kwa muda mrefu. Choo kilijengwa, matundu manne, na baada ya mwaka mawili yalikuwa yamefungwa kwa kufuli na watu ambao sikuwahi kujua ni nani. Zahanati ilipata paa, lakini nusu ya bati zilitoka kwenye fedha nyingine kabisa, kwa hiyo siwezi kusimama mahali na kudai ni kazi ya mkutano ule.

Ripoti yetu nayo ilirudishwa. Tuliambiwa ni nzuri, ipunguzwe kidogo, na aya ya mgawo wa asilimia 20 "iboreshwe." Mzee aliikalia siku mbili. Akapunguza utangulizi, akapunguza shukrani, akapunguza jedwali, hata sehemu yangu ya mapendekezo niliyoipenda akaipunguza ikabaki mistari sita. Aya ile akaiacha kama ilivyo, koma zake zote. Hakuna aliyemfanya kitu. Ripoti iliwekwa kabatini, na miezi michache baadaye Mzee akastaafu, akaagwa kwa saa ya ukutani na godoro.

Nimekifikiria sana kisa hiki kwa sababu kinapingana na namna tulivyofundishwa kupima. Tulifundishwa kuuliza: je, mikutano ya kisheria imefanyika? Hapa imefanyika. Je, mihtasari ipo? Ipo. Kijiji hiki kingepewa alama za juu kwenye fomu yoyote ninayoijua, na ndicho kilichokaliwa juu ya magunia. Fomu zetu hazina kisanduku cha kuuliza mwezi ulikuwa wapi. Na kila ziwa, kila bonde, lina mwezi wake: Kwimba ni msimu wa pamba, mjini Nyamagana ni saa ambazo wamachinga wako barabarani. Serikali za mitaa zilirudishwa ili maamuzi yamkaribie mwananchi, lakini ukaribu tuliupima kwa kilomita. Tulisahau kuupima kwa saa.

Mwaka 2024 mwishoni, baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba, kijiji kilipata Mwenyekiti mpya, na Mtendaji yule kijana alikuwa ameshahamishwa. Miezi michache baadaye simu yangu ikaita. Alikuwa mama wa mtandio wa kijani. Sikujua kama namba yangu bado anayo.

"Mwanangu, wametuitia mkutano. Giza. Saa nne."

Nikaanza kutafuta cha kusema, kwamba nitazungumza na kata, kwamba nitaona. Akanikatiza. Hakupiga kuomba msaada. Walikuwa wameshaandika barua, watu wa mwaloni hamsini na kitu wametia sahihi au dole gumba, wanaomba mkutano usogezwe hadi siku ya hesabu kwa kuwa akidi haitatimia bila wao. Mtendaji mpya alishangaa kidogo kisha akausogeza siku tisa mbele. Alipiga tu kunipa habari, niwasalimie wa nyumbani, na nimfikishie Mzee.

Nikampigia Mzee jioni ile. Anaishi kwao, anafuga kuku. Nilimsimulia yote, nikitegemea atafurahi. Alinyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Ile barua," akauliza, "nakala yao imepigwa muhuri wa kupokelewa?"

Nikasema sijui. Akaniambia nikate simu, nimwulize yule mama, kisha nimpigie tena. Nikafanya hivyo.

Ilikuwa imepigwa.